Roho ya Upole

Mikutano ya kuwahoji waumini ilianzia juu, kwenye nyumba za karibu na msitu, ikawa inashuka na barabara. Oktoba ilikuwa zamu ya mwenye mashine ya mbao. Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Kila mtu wa kijiji cha Haapaniska alikuwa na barabara ile kichwani, na kila mtu aliweza kuhesabu ni nyumba ngapi zimebaki kabla ya kufika kwake, ingawa hakuna aliyekiri kwamba anahesabu.

Saimi Ylitörmä alikuwa anahesabu. Nyumba yake ilikuwa ya kumi na nne kutoka msituni, ya rangi ya njano, yenye ng'ombe sita nyuma na watoto tisa ndani. Wa kumi alikuwa tumboni. Saimi alikuwa na miaka thelathini na saba. Mumewe, Eelis, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache ambaye tangu waoane hakuwahi kumpandishia sauti.

Walikuwa watu wa nyumba ya sala, kama wazazi wao na wazazi wa wazazi wao. Hawakuwa na televisheni, wanawake wao hawakupaka midomo rangi wala kukata nywele, na watoto walipokelewa wote aliowaleta Mungu. Walipokutana walisalimiana "Amani ya Mungu." Asiyekuwa wa imani alipewa "Habari za asubuhi," kama anavyopewa mtu wa posta. Kwa hiyo huko kwao salamu peke yake ilitosha kumjulisha mtu anakokwenda akifa.

Mwaka ule wa sabini na tano ndipo wazee walipoanza kusema kwamba adui ameingia ndani ya kundi. Mtu aliitwa mbele ya waumini wote, akaulizwa maswali mpaka ionekane ana roho gani. Ilikuwepo roho ya kiburi, ilikuwepo roho ya ulimwengu, na mbaya kuliko zote ilikuwa roho ya upole, ile inayomfanya mtu awaonee huruma wasiotubu. Aliyekiri na kulia alifunguliwa palepale, akakumbatiwa. Asiyekiri alifungwa dhambi zake, yaani alitangazwa hana msamaha. Hakupigwa, wala hakufukuzwa kijijini. Alianza tu kusalimiwa kama mtu wa posta, hata mezani kwake.

Novemba mikutano ilimfikia Tyyne.

Tyyne alikuwa dada mkubwa wa Saimi, mjane asiye na mtoto, fundi wa kushona. Mama yao alipokufa yeye ndiye aliyemlea Saimi. Siku ya mkutano wake hakuna aliyesema wazi kosa lake ni nini. Mmoja alisema Tyyne ana ulimi. Mwingine alimwona akitabasamu wakati wa mahubiri. Mwanamke wa tatu alisema ukikaa karibu na Tyyne unahisi baridi, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu baadhi yao nao walianza kuihisi. Tyyne aliulizwa kama anatubu. Akauliza atubu nini. Wakasema hilo lenyewe ni jibu.

"Sisi tunaoona kwamba dada yetu amepatwa na roho ya upole," alisema Vihtori Kuusela, mwenyekiti, "tusimame."

Mabenchi yakalia. Saimi alisimama. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ilibidi ashike benchi la mbele na kujivuta. Kule mbele Tyyne alimwona anavyohangaika, na kwa nukta moja mwili wake ukafanya kama unataka kwenda kumsaidia mdogo wake ainuke.

Wiki iliyofuata walikutana dukani.

"Habari za asubuhi," alisema Saimi.

Tyyne alimtazama miguu. "Soksi hizo ni nyepesi mno kwa hali yako," alisema, akachukua sukari yake, akatoka.

Urho, mwenye duka, ambaye hakuwa wa imani yoyote, alisubiri mlango ufungwe. "Nyie watu wa amani," alisema, "siku hizi mnanitisha. Mkipanga foleni hapa najiona kama nahudumia watu wanaongoja kunyongwa."

Saimi alitaka kucheka. Aliangalia kwanza kama kuna mtu nyuma yake.

* * *

Mtoto alikuja Januari, kwenye baridi kali, katika hospitali ya mjini, kilomita themanini kutoka nyumbani.

"Kumi!" alisema mkunga. "Mama, unafungua shule?"

"Shule tunayo," alijibu Saimi kati ya uchungu na uchungu. "Tumekosa mwalimu wa muziki."

Ndicho kitu cha mwisho alichokumbuka vizuri. Mtoto alitoka salama, wa kike, lakini damu iliyomfuata haikutaka kusimama. Saimi alisikia watu wakikimbia, akaona taa zikienda mbali. Alipozinduka siku ya pili, daktari alikuwa ameketi kando ya kitanda, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Nitakwambia bila kuzunguka," alisema daktari. "Mji wako wa mimba umebaki kama karatasi iliyolowa. Jana nusura tukupoteze. Ukibeba mwingine, yeye ndiye atakayekuzika. Sheria inaniruhusu nikufunge kizazi. Lakini ni wewe wa kuamua, na ni wewe wa kutia sahihi."

Saimi aliomba mumewe aitwe. Eelis aliingia ameshika kofia, anaizungusha mikononi. Alipoambiwa, alimtazama mtoto.

"Fanya," alisema mwishowe.

"Na Mungu?"

"Mungu si alikuwepo jana? Si ndiye aliyemweka huyo daktari hapo?" Kofia ilitulia mikononi. "Mimi niliambiwa nikae kwenye kiti kule koridoni, Saimi. Nikakaa saa tano. Nilikuwa nishaanza kufikiria mbao za jeneza, nitazitoa wapi kwenye baridi hii. Fanya. Na tusimwambie mtu."

Saimi akatia sahihi. Mtoto wakamwita Lahja.

Februari ilianza vizuri. Marketta, binti yao mkubwa wa miaka kumi na saba, alishika kazi za nyumba, na Saimi akawa anapata nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu awe mke wa mtu alilala kitandani bila kuogopa. Hilo hakumwambia yeyote, kwa kuwa hakuwahi kujua kwamba alikuwa anaogopa mpaka hofu ilipoondoka.

Hofu ile ilihamia kwa Eelis. Aliacha kula. Randa yake ilinyamaza katikati ya ubao, na Saimi akichungulia karakanani anamkuta amesimama, ametazama ukuta. Jumapili mhubiri alipofika kwenye maneno ya wale wanaomfungia Mungu mlango wa tumbo, shingo ya Eelis ilipata wekundu mpaka masikioni.

Jumamosi moja alikwenda kwa Vihtori kurekebisha mlango. Alirudi uso umemfunguka kama wa kijana. Alisimama mlangoni, akamwambia mkewe, "Amani ya Mungu," machozi yakimtoka, kisha akaketi akala sahani tatu za viazi na samaki wa chumvi.

Saimi alingoja watoto watoke.

"Umemwambia."

"Nimetubu. Nimefunguliwa, Saimi. Ni rahisi, hata hujui ni rahisi kiasi gani. Unasema, unalia, basi, mzigo umeshuka."

"Ulimwambia wewe ndiye uliyesema fanya?"

Eelis alifuta sahani kwa kipande cha mkate mweusi. "Nilimwambia sikukuzuia," alisema.

* * *

Jumanne walikuja wanaume wawili. Vihtori Kuusela alikuwa mbele, na nyuma yake Aukusti, mdogo wake Eelis. Vihtori hakuwa mtu mbaya. Mwaka ambao ng'ombe wa Saimi waliugua, alilala bandani kwao siku tatu, akiwasugua wanyama wale mpaka wakasimama. Aukusti naye alikuwa mcheshi, mtu wa kuingia jikoni na kusema amefuata harufu. Marketta aliweka kahawa mezani na mikate mitamu ya iliki.

Hawakuvua makoti. Waliketi wameweka kofia magotini, na kahawa ikapoa mbele yao.

"Shemeji, hata mkate?" aliuliza Saimi.

Aukusti alitazama mkate, akatazama dirisha.

"Mkutano wako ni Jumamosi," alisema Vihtori taratibu. "Saa saba mchana. Tunakuja kwako kwa upendo, Saimi. Hilo ulijue."

"Nina mtoto wa kunyonyesha."

"Mlete."

Walipoondoka, Marketta alimwaga kahawa kwenye ndoo ya maji machafu, vikombe viwili, kimoja baada ya kingine. "Mama," alisema bila kugeuka, "umefanya nini?"

"Nimebaki hai," alisema Saimi.

Binti alibaki amempa mgongo. "Si utatubu tu? Si kila mtu anatubu?"

Siku zile nne Saimi alijaribu. Alipokuwa anakamua ng'ombe alijisemea maneno yenyewe kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri. Nimemkosea Mungu. Nimeua watoto ambao hawajaja. Kila akifika hapo alimwona Kaino, wa miaka sita, na yule wa miaka minne, na yule wa miaka miwili, wamepangwa ukumbini wanangoja kuambiwa mama hayupo. Maneno yakakataa kuendelea. Na jambo lililomtia hofu zaidi ni kwamba hakusikia kiburi ndani yake hata kidogo. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba mtu akimkosea Mungu moyo unajua. Moyo wake ulikuwa umekaa kimya, umetulia, kama mtu asiyedaiwa neno.

* * *

Nyumba ya sala ilijaa mpaka kwenye ngazi. Jiko lilikuwa limewashwa sana, madirisha yakatoka jasho. Saimi aliwekewa kiti mbele, amewageukia watu mia mbili aliowajua wote kwa majina na kwa magonjwa yao. Mtoto alilala mapajani. Eelis alikuwa safu ya pili, mikono kati ya magoti. Marketta alikaa safu ya tano na mabinti wenzake.

Walianza polepole. Je, alisaini kwa mkono wake? Alisaini. Alijua kwamba ni dhambi? Alijua kwamba watu husema ni dhambi.

"Watu?" alisema mmoja wa wazee. "Watu, Saimi, au Neno?"

"Sijui tena," alisema Saimi. "Nilidhani ni kitu kimoja."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye shayiri. Mwanamke mmoja, mama wa watoto kumi na wanne, akasimama. "Mimi wa kumi na mbili aliniletea kifafa cha mimba," alisema. "Niliambiwa kama wewe. Nikamwamini Mungu. Nipo hapa. Wewe ni nani usimwamini?"

"Nimefurahi upo, Hilja," alisema Saimi, na alikuwa anasema kweli. "Na dada yako Impi? Naye si alimwamini?"

Hilja aliketi kana kwamba amesukumwa. Kila mtu alikuwa amemzika Impi, miaka mitatu iliyopita, pamoja na mtoto aliyekuwa ndani yake.

"Impi yuko kwa Mungu," alisema Vihtori.

"Yuko kwa Mungu. Na watoto wake wanane wako kwa watu."

Ilipita saa nzima ya namna hiyo, kisha ya pili, na Saimi alipoulizwa habari za daktari alisema Mungu ndiye aliyemtuma. Walimwomba. Kuna waliopiga magoti, wakamshika pindo, wakimsihi aseme neno moja tu nao watamfungua, na machozi yao hayakuwa ya uongo. Hayo ndiyo yaliyokuwa magumu. Angeweza kuwapinga watu wenye hasira. Hawa walikuwa wanampenda, na walikuwa wanaogopa, na mapenzi na hofu vilikuwa vimekaa kwenye uso mmoja, huwezi kutenga kimoja. Mtoto aliamka, akanyonya mbele yao wote, akalala tena.

"Eelis," alisema Vihtori, "mkeo anasema daktari alitumwa na Mungu. Maneno hayo kayatoa wapi?"

Saimi alimtazama mumewe. Hakumkonyeza wala kumwonyesha kitu. Alimtazama tu, akangoja.

"Sijui," alisema Eelis.

Hapo Saimi aligeuza macho kwa watu wote. Aliposema tena, sauti yake ilisikika mpaka kwenye ngazi.

"Nina swali moja. Novemba tulimfunga dada yangu humu. Mimi nilisimama. Nilisimama kwa sababu ninyi mlisimama. Basi naomba mtu mmoja aniambie dhambi ya Tyyne ilikuwa nini. Si lazima wazee. Mtu yeyote. Wewe, Hilja. Wewe, shemeji Aukusti. Nani alisimama wa kwanza, na aliona nini?"

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Watu mia mbili walitazama viatu vyao, na Saimi akaona kwenye nyuso zao jambo ambalo hakulitegemea: walikuwa wanatafuta. Walikuwa wanatafuta kweli kweli, kila mmoja kichwani mwake, na hawapati kitu. Ilidumu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu au nne. Katika muda ule nyumba nzima ilikuwa imesimama ukingoni mwa kitu, na mtu mmoja tu angecheka, au angelia vibaya, ingetosha.

"Mnaisikia?" alisema Vihtori. Alikuwa amebadilika rangi. "Ni ileile. Ilikuwa kwa dada yake, sasa inazungumza kwa kinywa chake. Ndiyo maana hatukumbuki, inatutoa kumbukumbu. Hii ndiyo roho ya upole, ndugu zangu, hivi ndivyo inavyosema."

Pumzi ikawarudia. Ilisikika ikiwarudia.

"Amefunga alichofungua Mungu," alisema Vihtori, machozi yakimteremka. "Nasi tunamfunga. Tusimame."

Mabenchi yakalia. Hilja alisimama wa kwanza. Aukusti alisimama. Eelis alisimama, akashika benchi la mbele kama mzee. Marketta alibaki ameketi, peke yake katika safu ya tano, mpaka msichana wa pembeni alipomgusa kiwiko. Akasimama.

Vihtori alikuja akakitazama kiti na mtoto na mwanamke. "Habari za jioni, Saimi," alisema, kwa upole sana.

* * *

Nyumbani Eelis alihamishia godoro karakanani. Asubuhi alisema habari za asubuhi, jioni habari za jioni, na hakuwahi kusahau. Watoto wakubwa walizunguka mezani bila kujua waweke wapi macho.

Kaino alimfuata mama yake bandani. "Mama, nikikwambia 'Amani ya Mungu', na mimi nitafungwa?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Shule ya Jumapili."

"Basi niambie unachotaka."

Kaino alifikiri. "Nitakuita mama tu," alisema.

Siku ya kumi Saimi alimfunika mtoto, akaenda kwa Tyyne. Tyyne alifungua mlango nusu, sindano mdomoni.

"Umekuja kwa sababu huna pengine pa kwenda."

"Ndiyo."

"Afadhali husemi uongo." Alitoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi. "Nilikufundisha kutembea, Saimi. Nilikushika mikono yote miwili, kutoka dirishani mpaka jikoni. Siku ile nikaona unapata shida kuinuka, nikataka nije nikushike usimame vizuri, unifunge." Alicheka kicheko kibaya. "Sitakwambia nimekusamehe. Sijafika huko. Lakini ingiza mtoto, baridi inaingia."

Waliketi kando ya cherehani. Muda mrefu walizungumza habari za mtoto tu.

"Hukutamani kutubu?" aliuliza Saimi.

"Kila siku. Unadhani mimi jiwe? Ukitubu wanakulilia, wanakukumbatia, usiku ule unalala fofofo. Nilikaa hapa nikitafuta nitubu nini. Nikatafuta kama mtu anayetafuta pete aliyopoteza. Sikupata."

"Na kama wao ndio wako sawa, Tyyne? Kama tumefungwa kweli?"

Tyyne alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, bila uzi. "Najiuliza hilo kila asubuhi nikiamka," alisema. "Mpaka nimalize kuvaa, huwa limepita. Lakini si kila siku."

* * *

Aprili theluji ilianza kuoza barabarani. Ijumaa jioni Eelis alikuja bandani wakati Saimi anakamua. Alisimama nyuma ya ng'ombe, mahali ambapo hawezi kuonekana vizuri.

"Wameniita," alisema. "Wanauliza nitawezaje kula meza moja na wewe. Wanasema watoto wako hatarini."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimesema nitafikiri."

Saimi aliendelea kukamua. Alisikia viatu vyake vikitoka.

Jumapili Eelis aliwachukua watoto wote tisa kwenda kwenye sala, kama kawaida. Saa sita mchana gari lilirudi. Saimi alikuwa dirishani na Lahja begani. Alimwona mumewe akishuka, akafunga mlango wa gari, na hakuna mlango mwingine uliofunguka.

"Watoto wako wapi?"

"Kwa Aukusti. Ni kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka utubu." Alikuwa anazungumza haraka, kama anayesoma. "Ni maneno tu, Saimi. Sema maneno tu, nami naenda kuwachukua sasa hivi, chakula hakijapoa."

"Kama ni maneno tu, mbona yako yalikushinda? Hospitalini ulikuwa na maneno."

Eelis aliketi kwenye ngazi. Alionekana mdogo ndani ya koti lake la Jumapili. "Niliogopa," alisema.

"Najua," alisema Saimi, akampita.

Kwa Aukusti ni kilomita tatu, barabara ile ile moja. Alitembea katikati, kwenye matope ya barafu, mtoto amemfunga kifuani. Nyumba hadi nyumba watu walikuwa wanakula chakula cha mchana, na kwenye kila dirisha alilopita vijiko vilisimama. Hakuna aliyetoka. Alipopita kwa Hilja aliona uso wa Hilja kwenye kioo cha dirisha, karibu sana, pumzi imetia ukungu.

Hakubisha hodi. Jikoni kwa Aukusti meza mbili zilikuwa zimeunganishwa, watoto wake na wa nyumba ile wamebanana. Aukusti alisimama, kitambaa cha mezani bado shingoni.

"Saimi, hapa si mahali pako."

"Sikai." Aliwatazama watoto wake mmoja mmoja. Alikuwa amejitengenezea maneno mengi njiani, yote yakampotea. "Anayekuja na mimi avae viatu," alisema.

Kisha Kaino aliteleza chini ya meza, akatokea upande wa pili. Akafuata yule wa miaka minne, bado ana kiazi mkononi, kisha wale wanne waliobaki kati ya wadogo, mmoja akimbeba mwingine. Wavulana wawili wakubwa walimtazama baba yao mdogo, kisha wakatazama sahani, na hawakuinuka.

Marketta aliinuka. Binti alikuja mpaka ukumbini, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuwafunga wadogo zake viatu, kamba kwa kamba, kama alivyofanya kila asubuhi. Alifunga skafu. Alivuta kofia zikafunika masikio. Kisha alisimama, na miguu yake ilikuwa na soksi tu.

"Viatu vya Kaino vinaingiza maji," alisema bila kumtazama mama yake. "Vikaushe kando ya jiko. Usiviweke juu, vitapasuka."

"Marketta."

"Nenda, mama. Tafadhali. Nenda kabla wazee hawajaja."

Walikuwa wamefika nje ya lango gari la Vihtori lilipojitokeza kwenye kona. Halikuwapita. Lilipunguza mwendo, likakaa nyuma yao hatua kama ishirini, likitambaa. Vihtori hakupiga honi wala hakuteremsha kioo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na pembeni yake aliketi mzee mwingine, na nyuma wawili.

"Msigeuke," alisema Saimi. "Tembeeni tu. Kaino, mshike mwenzako."

Walitembea kilomita tatu hivyo, mwanamke na watoto saba, na sauti ya injini mgongoni. Walipoingia uani, gari lilisimama langoni, injini ikiwaka. Eelis alikuwa bado kwenye ngazi. Aliwatazama watoto wakiingia, akawahesabu kwa macho, akajua nani hayumo. Kisha alitazama gari. Alibaki palepale.

Saa ya kukamua ilifika. Ng'ombe walianza kulia bandani. Eelis aliinuka taratibu, akachukua ndoo mbili za Saimi zilizokuwa ukutani, akavuka ua mbele ya macho ya wale wanaume wanne, akaingia kwa ng'ombe, akafunga mlango.

Gari liliondoka giza lilipoanza kushuka. Kesho yake asubuhi lilikuwepo tena.